Ujumbe wa Maganga Haukutoka

Chanji, Sumbawanga
27 Aprili 2024

Shemeji Adolfu,

Habari za Dodoma na za kazi? Sisi hapa wazima, ila mtoto Faith anakohoa kwa hii baridi yetu ambayo wewe umeshaisahau. Kaka yako Teodori yuko Milepa tangu Jumatatu, ameshuka bondeni kumsaidia baba kulinda mahindi. Mama yako Josefina ana miguu yake ileile, anakusalimu na anauliza utaoa lini. Nimemwambia uliza mwenyewe.

Nimeacha kupiga simu nikaandika, kwa sababu maneno ya kosa hili siwezi kuyatamka. Paa la ofisi ya kamati ya amani lilivuja, kompyuta ikalowa. Fundi Benjamini wa hapa Chanji ameitengeneza, ila ameifuta yote na kuiwekea kila kitu upya. Faili zako nilikuwa nimezihifadhi pembeni, nimezirudisha. Nikiwasha ile programu yako ya tahadhari inaandika hivi na kuzima:

ModuleNotFoundError: No module named 'serial'

Shemeji, nisaidie mapema. Najua watu wa ofisi kubwa mna mengi, kwa hiyo nakukumbusha: mtu wa bondeni akiona ng'ombe shambani, au watu wanakusanyika na silaha, anatuma ujumbe kwenye namba ya kamati. Ujumbe unaingia kwa mtandao, programu inausoma, halafu inautoa kwa ile modemu yenye laini ya simu kwenda kwa wajumbe wote, wakulima kwa wafugaji, na kituo cha polisi. Mwaka jana ilizuia vita mara tatu. Pale Milepa anayetuma upande wa wakulima ni baba mkwe, Mzee Cleophas, na upande wa wafugaji ni kaka yangu Maganga. Sasa hivi wanaotuma wanatuma kwenye shimo.

Na mambo si mazuri. Wamekuja wageni na makundi makubwa ya ng'ombe kutoka kaskazini, hawamjui mtu. Wiki iliyopita ndama wawili wa wageni hao walikutwa wamekatwa miguu, bado wanapumua. Kesho yake kijana wa Kifipa alipigwa kisimani hadi akatema meno.

Nasubiri.

Shemeji yako,
Debora


Dodoma
28 Aprili 2024

Shemeji Debora,

Mimi mzima, kazi zinaniua lakini nazikwepa. Mpe pole Faith. Mama mwambie mchumba yuko njiani, gari limeharibika.

Hilo lisikutoe jasho. Programu mwanzoni kabisa inasema import serial, yaani inaita kifurushi cha kuongea na modemu. Fundi alipofuta kompyuta, kifurushi kikaenda na maji. Fungua lile dirisha jeusi la amri, andika:

pip install serial

Subiri imalize, kisha washa programu. Nakuandikia nikiwa kikaoni, bosi anadhani nanukuu maneno yake.

Shemeji yako,
Adolfu


Chanji
29 Aprili 2024

Shemeji Adolfu,

Umeamkaje? Sisi wazima, na kikohozi kimepungua.

Nimefanya ulivyosema. Imekubali. Programu imewaka na kuandika INASUBIRI kwa herufi kubwa, nikapiga makofi peke yangu ofisini kama mwehu.

Swali moja tu. Nitume ujumbe wa majaribio nione kama unatoka? Naogopa, maana mara ya mwisho nilipojaribu watu wa Milepa hawakusoma neno MAJARIBIO, walitoka na mapanga. Lakini naogopa pia kutojaribu.

Shemeji yako,
Debora


Dodoma
29 Aprili 2024

Usijaribu, shemeji, utawatisha watu bure. Ikisema INASUBIRI iko sawa. Lala usingizi.

Adolfu, shemeji yako


Chanji
14 Mei 2024

Shemeji Adolfu,

Pole kwa safari ya kurudi. Pole tena kwa baba. Nakuamkia kwa barua kwa sababu kwenye matanga hatukupata kusema. Ulipita pale jikoni ukanipa mkono, wanawake wote wakatutazama, ukaondoka. Sikulaumu.

Lakini waliokusimulia kifo cha baba hawakuwepo mwanzo wake. Maganga alikuwepo. Amenieleza kwa simu, analia kama mtoto, na nimeona ni haki yako kusikia.

Tarehe saba asubuhi aliona kundi la wale wageni likiingia shamba la baba upande wa mtoni. Akatuma ujumbe kwa kamati, kisha akakimbia kwenda kuwazuia. Ng'ombe wake mwenyewe walikuwa zizini, hata maziwa alikuwa hajakamua. Alimkuta baba amekwisha fika, peke yake, na fimbo yake ya kutembelea. Baba alikuwa anasema taratibu, "Wanangu, haya mahindi yamebakiza wiki tatu. Pitisheni ng'ombe barabarani, nami nitawaonyesha maji." Kijana mmoja akamjibu, "Mzee, ng'ombe hajui wiki."

Maganga akamshika yule kijana mkono, akamwambia kwa Kisukuma, "Huyu ni mkwe wetu. Mheshimu." Wakasukumana. Maganga anaapa kwamba walikuwa wameanza kuwarudisha ng'ombe, wengine walikuwa wameshatoka shambani.

Kamati ingefika. Kutoka ujumbe ulipoingia hadi damu ya kwanza ni zaidi ya saa nzima. Mwaka jana polisi na wajumbe walifika kwa dakika arobaini. Safari hii hawakufika kwa sababu hawakujua. Badala yake walikuja Teodori na watu kama ishirini, wenye mapanga na mikuki. Teodori hakuuliza. Alimkata ng'ombe wa kwanza mgongoni, akatoa ule mlio wao, na hapo hakuna tena aliyesikia la mtu. Mishale ikatoka. Baba alikuwa katikati amenyoosha mikono, mmoja ukampata shingoni. Maganga anasema alikaa chini polepole kama mtu aliyechoka, akajaribu kuuvuta. Yule kijana aliyejibu lile neno walimpasua kichwa kwa jembe, wakaendelea kumpiga alipokwisha kufa. Wa tatu ni jirani yenu, alikanyagwa na ng'ombe waliokuwa wanakimbia. Wageni wakatoweka na mifugo yao kuelekea ziwani.

Mimi nilifungua ofisi saa mbili na robo. Kioo hakikuwa na neno INASUBIRI. Kulikuwa na ujumbe wa Maganga, ulioingia saa kumi na mbili na dakika arobaini: "Ng'ombe wa wageni wako shamba la Mzee Cleophas. Watu wanaanza kukusanyika. Njooni haraka. Maganga." Na chini yake:

AttributeError: module 'serial' has no attribute 'Serial'

Basi. Programu ilikuwa imekufa palepale. Nikampigia baba. Simu iliita hadi ikakata.

Sasa huko Milepa wanasema mimi Msukuma nimeizima mashine ili ndugu zangu wapitishe ng'ombe, na kwamba Maganga ndiye aliyewaongoza. Kaka yako halali chumbani kwetu. Jana aliniuliza mbele ya Faith, "Walikupa ng'ombe wangapi?"

Wewe ndiye uliyeiandika. Tafuta nini kiliiua. Sina mwingine wa kumwuliza.

Shemeji yako,
Debora


Dodoma
15 Mei 2024

Shemeji Debora,

Nimesoma barua yako nimesimama, sikuweza kukaa. Baba hakuwahi kumpigia mtu kelele. Pole na wewe, na samahani kwa ule mkono niliokupa jikoni bila neno.

Tutafute. Kosa la kwanza, lile la Aprili, lilimaanisha kifurushi hakipo. Hili ni jingine: kifurushi kipo, kinaitika, lakini kikiulizwa kitu kinachoitwa Serial, chenye S kubwa, kinasema sina. Programu huwa haikigusi kitu hicho mpaka iwe na ujumbe wa kutuma, ndiyo maana ilikaa siku zote hizo ikisema INASUBIRI.

Mara nyingi inatokea hivi: mtu ameweka kwenye folda faili yake aliyoipa jina serial.py, basi programu inaichukua hiyo ikidhani ndicho kifurushi. Tazama kwenye folda kama ipo. Kisha fungua dirisha jeusi, andika python, halafu mistari hii:

import serial
print(serial.__file__)

Itakuonyesha serial inayoitwa inatoka wapi. Mwisho, toka humo, andika pip list, itaorodhesha vifurushi vyote vilivyomo, uniandikie unachokiona kwenye herufi P na S.

Nina hakika ni yule fundi. Alichokoa vitu asivyovijua. Nimempigia Teodori asubuhi nikamwambia hivyo, ili wakuache wewe.

Shemeji yako,
Adolfu


Chanji
17 Mei 2024

Shemeji Adolfu,

Salamu. Naandika kwa mkono wa kushoto, usijali makosa.

Faili ya serial.py haipo kwenye folda. Nimetafuta mara mbili. Ile mistari imeonyesha inatoka site-packages, ndani ya folda inayoitwa serial. Kwenye pip list, herufi P kuna pip na PyYAML tu. Herufi S kuna serial. Hakuna kingine.

Mkono wa kulia umevunjika juu kidogo ya kiganja. Kaka yako alitumia mpini wa jembe. Nilikuwa namwambia kwamba ujumbe wa Maganga upo, kwamba aje ofisini ausome kwa macho yake. Akasema, "Usitaje jina hilo nyumbani kwa marehemu baba yangu." Nikalitaja. Mama Josefina alikuwa mlangoni, akageuka akaenda kuangalia kuku.

Nimehamia ofisini na Faith. Tuna godoro.

Niambie ni nini, shemeji. Ukiniambia ni mimi nilikosea, nitakubali. Nataka tu kujua.

Debora, shemeji yako


Chanji
2 Juni 2024

Shemeji Adolfu,

Siku kumi na sita. Simu yako inaita haipokelewi. Natumaini u mzima. Na kama u mgonjwa, Mungu akuponye haraka, maana tunahitaji mdomo wako.

Nikueleze yaliyotokea ukiwa kimya.

Tarehe ishirini Teodori na wenzake watano walikwenda kibandani kwa fundi Benjamini. Walimwambia, "Adolfu amesema ni wewe." Alijibu kwamba alitengeneza tu kompyuta, hajui habari za modemu. Walimwekea mkono juu ya kizingiti cha mlango wakaupiga kwa nyundo yake mwenyewe, vidole vyote vinne, wakaacha gumba. Mtu anayeishi kwa vidole, shemeji. Nilikwenda kumwona hospitali. Aliniuliza, "Mama Faith, hicho kitu walichosema nimekitoa kinaitwaje?" Nikamtajia. Akasema hajawahi kukisikia.

Tarehe ishirini na saba walishuka kwa baba yangu, Mzee Mboje. Walimtafuta Maganga wakamkosa. Walichoma nyumba mbili na ghala la mpunga. Ng'ombe kumi na nne walikatwa kano za miguu wakaachwa hapo wanajaribu kusimama. Baba yangu aliwamaliza mwenyewe mmojammoja, ilimchukua hadi jua kuzama. Maganga analala porini.

Nami sikukaa kukungoja. Nilichukua yale maneno ya kosa kama yalivyo nikayatafuta kwenye mtandao. Nilijua Kiingereza changu cha kidato cha tatu kitaniangusha, lakini kilitosha. Mtu mmoja, sijui wa nchi gani, aliuliza swali hilihili miaka mingi iliyopita. Wakamjibu kwamba vifurushi ni viwili. Kimoja kinaitwa serial, hakina ubaya, ila kina kazi nyingine kabisa. Cha modemu kinaitwa pyserial. Ukishakiweka, ndani ya programu unakiita serial tu, ndiyo maana watu wanachanganya.

Nilitoa kile, nikaweka hiki. Nikatuma majaribio kwenye simu yangu peke yake. Ilitoka, sikuhesabu hata tano.

Kisha nikafungua barua yako ya tarehe 28 Aprili. Nimeisoma mpaka nimeikariri. Na ile ya siku iliyofuata.

Sitaki kukuhukumu. Kukosea jina ni jambo la kila mtu, hata padri hukosea jina la marehemu. Lakini ulijua tarehe kumi na saba. Nilipokuandikia kwamba hakuna kingine kwenye herufi P, ulijua, ukaacha kupokea simu. Vidole vya Benjamini ni vya siku tatu baadaye.

Sema, shemeji. Mimi nikisema hawataamini.

Debora


Dodoma
4 Juni 2024

Shemeji Debora,

Sina uso wa kukuuliza hali.

Nilijua. Nilisoma barua yako ya tarehe kumi na saba mara moja tu. Nilikwenda chooni pale kazini nikaosha uso, nikarudi nikaandika programu ya watu wengine mpaka jioni. Kila siku nilisema nitapiga simu kesho. Ningeanza vipi? Kwamba baba yetu amekufa kwa herufi mbili nilizosahau kwa sababu nilikuwa kikaoni nafanya mzaha? Na wewe uliniuliza kama ujaribu. Ulinihoji kabisa, nikakuambia lala usingizi.

Habari za Benjamini nilikuwa sijazijua.

Nimempigia mwenyekiti wa kijiji. Nimemwambia aitishe mkutano Jumapili tarehe tisa, baada ya misa, uwanja wa shule, wakulima na wafugaji pamoja. Nitasimama niseme yote, na nitausoma ujumbe wa Maganga, na saa yake. Ameahidi hakuna atakayeguswa. Naomba umwambie Maganga aje. Asafishwe jina mbele ya watu wote, isiwe habari ya kunong'onezana.

Teodori sijamwambia. Nitamwambia hapohapo. Nikimwambia kwenye simu nitapoteza nguvu.

Wako,
Adolfu


Hospitalini, Sumbawanga
20 Juni 2024

Shemeji Debora,

Habari za siku nyingi? Mimi naendelea. Taya limefungwa kwa waya, siwezi kuongea, ndiyo maana naandika kwa simu ya muuguzi, anaitwa Hilaria, mtu mwema. Nakunywa uji kwa mrija. Mama analeta chupa kila asubuhi.

Nimekusubiri uje. Nimeuliza kwa kuandika kwenye karatasi, Debora yuko wapi, Mama anasema umesafiri. Nikiuliza zaidi anatazama dirishani.

Kumbukumbu zangu zinaishia hapa. Nilisema yote. Nilisema pip install serial mbele ya watu ambao hawajui ni kitu gani, nikaeleza kama unavyomweleza mtu aliyetumwa dawa akaleta nyingine yenye jina linalofanana. Walisikiliza. Nikasoma ujumbe wa Maganga. Mzee Mboje alivua kofia. Nikaona wakulima wengine wanamtazama Maganga alipokuwa amesimama karibu na wewe, na macho yao yalikuwa yamebadilika. Nikasema, "Kama kuna wa kulipa damu ya baba, ni mimi, si huyu, wala si Debora, wala si fundi."

Teodori akainuka kutoka upande wa kushoto. Nilimwona vizuri. Nilimwona anavyotembea, kama alivyokuwa akinijia utotoni nikivunja kitu chake. Alinipiga kwa ubapa wa panga, hapa kwenye taya. Nilipokuwa chini nikaona anauzungusha mkono upande wa makali, na Maganga ananilalia. Uzito wake niliusikia. Basi, giza.

Askari alikuja juzi kuchukua maelezo. Niliandika kwamba watu walikuwa wengi, sikuona aliyenipiga. Ni kaka yangu, shemeji. Mama alikuwa amekaa hapo kwenye kiti. Ameshamzika mume.

Tafadhali mfikishie Maganga shukrani zangu. Mwambie nikitoka hapa mtu wa kwanza kumwendea ni yeye.

Shemeji yako,
Adolfu


Laela
24 Juni 2024

Shemeji Adolfu,

Nashukuru kusikia unaendelea. Mungu akuponye taya.

Maganga huwezi kumwendea. Tulimzika tarehe kumi.

Wamekuficha, nami nilidhani umeshajua na umenyamaza kama kawaida yako. Nisamehe kwa kukudhania hivyo, na usinisamehe kwa haya nitakayoandika sasa.

Alikulalia ndiyo. Teodori alipiga mara nne. La kwanza begani, la pili na la tatu mgongoni, la nne hapa nyuma ya shingo. Kila lilipoingia Maganga alikuwa anasema, "Basi, shemeji. Basi, shemeji." Alimwita shemeji mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nimemshika Teodori shati kwa mkono mmoja, ule mwingine una plasta. Shati likachanika likabaki mkononi mwangu. Mliwekwa wote wawili nyuma ya gari la mahindi kupanda mlima. Nilikaa kati yenu. Wewe ulikuwa unakoroma. Yeye alikuwa ameshika kidole changu, na tulipofika kona za juu, kunakoanza baridi, akakiachia.

Mimi ndiye niliyemwambia aje mkutanoni. Hakutaka. Alisema, "Dada, watu wakishachoma nyumba hawapendi kusikia walikosea." Nikamwambia Adolfu ametoa neno lake, njoo. Kwa hiyo usidhani mzigo huu umeubeba peke yako.

Teodori yuko huru. Analala kwa rafiki zake hukohuko bondeni na anavuna mahindi. Pale uwanjani kulikuwa na watu mia mbili, na wote wanasema kulikuwa na vumbi. Lilikuwa vumbi gani mwezi wa sita, uwanja wenye majani? Mimi nimeandika maelezo yangu, wakaniambia, wewe ni dada wa marehemu, tena ni mke uliyegombana na mumeo, wakili atakuchana. Baba yangu ameandika, na watu wetu. Wanasema ni upande mmoja. Upelelezi unamngoja mtu mmoja ambaye si wa upande wetu na aliyekuwa karibu kuliko wote. Huyo ameandika hakuona.

Baba yangu amehamisha ng'ombe waliobaki. Mimi na Faith tuko hapa Laela, napima magunia kwa mnunuzi wa mahindi. Ofisi ya kamati nimemkabidhi Lucia, binti wa parokia. Nimemfundisha kila kitu, na kila Jumatatu anatuma ujumbe wa majaribio, watu watake wasitake. Mwezi huu umetoka ujumbe wa kweli mmoja kule bondeni. Walifika kwa wakati. Hakuna aliyekufa.

Kwa Teodori sirudi. Hilo si la kujadiliwa, hata padri nimemwambia.

Adolfu, mimi sikukasirikii kwa zile herufi mbili. Nimejaribu, sikuweza. Ninalokasirikia ni siku kumi na sita, na sasa hii karatasi uliyompa askari. Mama yako amezika mume, ni kweli. Mama yangu amezika mtoto aliyekufa juu ya mtoto wa mama yako. Mwite yule askari.

Debora binti Mboje


Hospitalini, Sumbawanga
27 Juni 2024

Debora,

Pole. Pole kwa Maganga. Neno hili ningelisema kwa mdomo lingekuwa na sauti; hapa ni herufi tu.

Barua yako niliisoma Jumanne saa nne asubuhi. Saa tano nilimwandikia Hilaria kwenye karatasi aniitie yule askari. Alikuja saa nane na daftari. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, ameshika chupa ya uji.

Niliandika kwamba maelezo ya kwanza yalikuwa ya uongo. Niliandika jina, Teodori mwana wa Cleophas, kaka yangu, tumbo moja baba mmoja. Niliandika alikotokea, mkono alioshikia panga, na kwamba niliona Maganga ananilalia akiwa mikono mitupu. Niliandika pia kwamba nilimsingizia Benjamini, na kwamba mpini wa jembe na mkono wako nazijua habari zake kwa barua yako, ambayo ninayo. Askari alisoma kwa sauti ili nithibitishe. Alisoma polepole, kila mtu wodini alisikia.

Mama hakulia. Alisimama, akaufunga mfuniko wa chupa. Askari akamsogezea kiti akidhani ataanguka. Akamwambia, "Asante, mwanangu, nina safari." Kisha akanitazama mimi. Akasema, "Nilikuwa nao wawili." Akaondoka na chupa yake. Leo ni siku ya pili hajaja, na sidhani atakuja. Uji ananiletea Hilaria.

Asubuhi hii wameniarifu kwamba Teodori amekamatwa. Walimkuta anavuna. Hakukimbia. Alimwomba askari amalize mstari wa mahindi aliouanza, wakamkubalia.

Nitaitwa mahakamani. Nitasema hivyohivyo.

Adolfu